Hati ya shamba Ukingo wa Magharibi: kwa nini wengi hawana, na walio nayo inawafikisha wapi

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkulima wa michungwa hapa Muheza. Shamba tumelirithi kwa babu, na tumehangaika miaka mpaka tukapata hatimiliki ya kimila. Kila nikifungulia redio nasikia walowezi wa Kiyahudi wamejenga kwenye mashamba ya Wapalestina. Labda swali langu ni la kijinga: kama mashamba ni yao, si wapeleke hati mahakamani yaishe? Na kama hati hawana, kosa la Israel liko wapi? Halafu nasikia sasa Israel yenyewe inataka kupima na kusajili ardhi yote ya huko. Hilo si ndilo tunalolilia hata sisi wakulima?"

Marahaba, ndugu yangu. Swali si la kijinga hata kidogo. Nitalijibu kwa upande wa sheria ya ardhi, ambao ndio ninaoufundisha, na nitabaki Ukingo wa Magharibi, yaani eneo la Wapalestina lililo kati ya Israel na Mto Jordan. Gaza ina habari yake nzito: mauaji ya 7 Oktoba 2023 kusini mwa Israel, ambamo na vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo waliuawa, na vita iliyofuata iliyomaliza makumi ya maelfu ya Wapalestina. Swali lako haliko huko. Liko kwenye vilima vya Nablus, Ramallah, Bethlehem na Hebron, kwenye mizeituni.

Jibu kwa kifupi: wako wenye hati, na wengine wameshinda kesi. Walio wengi hawana, na uzembe si sababu. Na mamlaka ya Israel inayowauliza "hati iko wapi?" ndiyo iliyosimamisha usajili wa ardhi yao mwaka 1968.

Tuanze na hati yenyewe. Ukingo wa Magharibi mpaka leo bado unatawaliwa, kwa mambo ya ardhi, na sheria ya dola ya Uthmaniya ya mwaka 1858. Waturuki waliondoka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakaja Waingereza, wakaja Wajordan, wakaja Waisraeli, na kila mmoja akaiacha pale pale akiongeza viraka vyake. Sheria hiyo inagawa ardhi mafungu matano. Mulki ni mali kamili ya mtu, mara nyingi viwanja vya ndani ya miji na vijiji. Wakfu unaujua. Matruka ni ya umma, kama njia na malisho ya kijiji. Miri ndiyo mashamba: asili yake ni ya dola, mkulima ana haki ya kulima, kurithisha na kuuza. Mawat ni ardhi iliyokufa, yaani iliyo mbali na kijiji na isiyotumiwa na mtu. Mbali kiasi gani? Sheria inasema mbali kiasi kwamba mtu akisimama kwenye nyumba ya mwisho akapiga kelele, sauti yake haifiki huko; wakakadiria maili moja na nusu, au mwendo wa nusu saa.

Kwenye miri kuna vifungu viwili vya kushika, maana ndivyo vinavyoamua kesi hadi leo. Kifungu cha 78 kinasema aliyelima miaka 10 bila kupingwa anapata haki ya ardhi hiyo hata kama hana karatasi. Kifungu cha 68 kinasema aliyeacha kulima miaka mitatu bila udhuru anaweza kuipoteza. Kwa hiyo msingi wa haki ya mkulima wa kule ulikuwa jembe. Karatasi ilikuwa ya ziada, na watu wengi waliikimbia, kwa sababu jina likishaandikwa kwenye daftari la dola, mtoza ushuru analiona, na afisa anayekusanya vijana wa jeshini analiona pia. Wengine waliandikisha dunamu 10 wakati wanalima 60. (Dunamu ni mita za mraba 1,000, ekari moja ni dunamu nne na kidogo.) Wengine walimwachia sheikhe au tajiri wa mjini aandikishe kwa jina lake. Vijiji vingine vililima kwa ushirika wa mushaa, mashamba yakigawanywa upya kila baada ya muda, sasa hapo uandike jina la nani?

Matokeo yake yalianza kuonekana mapema. Familia ya Sursock, matajiri wa Beirut, walikuwa na hati za sehemu kubwa ya bonde la Marj ibn Amir huko kaskazini. Miaka ya 1920 wakaliuzia shirika la Kiyahudi la ununuzi wa ardhi. Uuzaji ulikuwa halali kwa kila herufi ya sheria, na wakulima waliolima pale vizazi wakaondolewa. Naitaja kwa sababu mbili. Kwanza, si kila ardhi ya Wayahudi ilinyang'anywa. Nyingine ilinunuliwa kwa fedha taslimu. Pili, mkulima wa kule alikwisha kujifunza kwamba hati inaweza kuwa sahihi na bado yeye akalala nje.

Waingereza wakaleta utaratibu wa kupima na kusajili mwaka 1928. Wakaanza na nyanda za pwani na mabonde, ambako ununuzi ulikuwa moto, na milimani hawakufika mbali. Miaka saba kabla walikwishatoa agizo la kumzuia mtu kufufua ardhi ya mawat bila kibali. Hapa mtu wa Afrika Mashariki atatabasamu, maana mkono ni ule ule: serikali iliyoandika sheria ya ardhi ya Taji kule Kenya mwaka 1902 ndiyo iliyowapa Wazayuni, mwaka 1903, ahadi ya nyanda za Uasin Gishu kwa makazi ya Wayahudi. Kwenye vitabu mpango huo unaitwa wa Uganda. Wanandi na Wamaasai hawakuulizwa, na mkutano wa Wazayuni ukaukataa mwaka 1905. Kwa ofisi za London, ardhi isiyo na daftari ilikuwa ardhi isiyo na mwenyewe.

Jordan ilipoushika Ukingo wa Magharibi baada ya vita vya 1948 iliendeleza usajili, na kufikia 1967 ilikuwa imemaliza takriban theluthi moja, zaidi upande wa kaskazini. Wataalamu wakawa wanasogea kijiji kwa kijiji. Juni 1967 Israel ikaliteka eneo lote ndani ya siku chache, na mwaka uliofuata amri ya kijeshi namba 291 ikasimamisha kazi hiyo. Sababu iliyotolewa haikuwa ya hovyo: watu wengi walikuwa wamekimbia, na kusajili ardhi wakati mwenyewe hayupo kungewadhulumu. Weka hoja hiyo kichwani, tutairudia.

Kwa hiyo mwenye shamba Silwad, ambako Wajordan walifika, ana hati ya tabu (daftari la ardhi) yenye muhuri. Mwenye shamba kusini mwa Bethlehem, mlima ule ule, mizeituni ile ile, ana risiti za kodi, ana mashahidi, na ana miti aliyoipanda baba yake. Tofauti yao ni ratiba ya wapima ardhi.

Sasa tuingie mahakamani, kama ulivyosema. Katika miaka ya kwanza jeshi lilichukua ardhi kwa amri za "mahitaji ya kijeshi", na mahakama ikawa inakubali. Mwaka 1979 wakulima wa Rujeib, karibu na Nablus, wakapeleka kesi Mahakama Kuu ya Israel kupinga makazi ya Elon Moreh yaliyojengwa kwenye mashamba yao yaliyosajiliwa. Serikali ikadai ni mahitaji ya ulinzi. Waliomwangusha wakili wa serikali ni walowezi wenyewe: wakaapa kwamba wamekuja pale kwa sababu Mungu aliwapa nchi ile, wala hawakuja kwa muda wala kwa ajili ya jeshi. Jenerali mstaafu Haim Bar-Lev, aliyewahi kuwa mkuu wa majeshi, naye akaapa kwamba makazi hayo hayana faida ya kiulinzi. Tarehe 22 Oktoba 1979 wakulima wakashinda, na walowezi wakahamishwa hadi kilima kingine.

Kwa hiyo umeona, hati ilipelekwa mahakamani na ikafanya kazi. Tatizo ni somo ambalo serikali ilichukua kutoka kwenye hukumu ile. Ikiwa ardhi yenye hati ya mtu haichukuliki, basi itafutwe ardhi isiyo na hati. Ukitoa theluthi iliyosajiliwa, hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya nchi.

Kazi hiyo ilisimamiwa na mwanasheria wa serikali aliyeitwa Plia Albeck, mwanamke hodari kwa kazi yake, aliyezunguka vilima kwa helikopta na kwa miguu akikagua palipolimwa na pasipolimwa. Wakatoa makabatini picha za anga zilizopigwa na ndege za Waingereza miaka ya 1940, wakazilinganisha na za miaka ya baadaye. Ukionekana hukulima miaka 10 mfululizo, kifungu cha 78 hakikuhusu. Ukionekana umeacha, kifungu cha 68 kinakupata. Na Mahakama Kuu ya Israel ilikwishaweka kipimo chake tangu miaka ya 1960: kipande kihesabiwe kimelimwa pale tu ambapo angalau nusu ya eneo lake imelimwa.

Simama kidogo hapo kwenye nusu. Kilima cha kule ni mawe. Mkulima analima mifuko ya udongo iliyo kati ya mwamba na mwamba: mzeituni hapa, mtini pale, ngano kidogo kwenye kipande cha udongo chini ya ukuta wa mawe, mbuzi wanapita juu. Kwa macho yake, kilima chote ni shamba. Kwa picha ya anga, asilimia 30 ni kijani na iliyobaki ni mwamba, basi halijalimwa. Utaratibu huo ukazaa viraka vya ajabu kwenye ramani, ambamo vichaka vya mizeituni ni vya mtu na mawe yanayovizunguka ni ya serikali. Na nyumba ya mlowezi, ndugu yangu, inajengwa vizuri sana juu ya mawe.

Eneo likishapigwa picha, linatangazwa kuwa ardhi ya serikali. Amri ya kijeshi namba 59 ya mwaka 1967 inasema mali iliyotangazwa hivyo itachukuliwa ni ya serikali mpaka ithibitike vinginevyo, na mwenye mzigo wa kuthibitisha ni mkulima. Mkuu wa kijiji anaitwa, anaonyeshwa ramani, na siku 45 za kuweka pingamizi zinaanza kuhesabiwa. Ndani ya siku hizo mkulima atafute wakili, mpima ardhi, na mtaalamu wa kusoma picha za anga, awalipe wote, kisha aende mbele ya kamati ya rufaa. Kamati hiyo ni ya kijeshi. Na amri ile ile ina kifungu kingine ambacho huwa nawasomea wanafunzi mara mbili ili wasidhani nimekosea: ikiwa msimamizi wa mali ya serikali ameshaikodisha ardhi kwa mtu mwingine kwa nia njema, mkataba ule unabaki halali hata ikija kuthibitika kwamba ardhi haikuwa ya serikali.

Kwa njia hii zimetangazwa zaidi ya dunamu 900,000, karibu sehemu moja ya sita ya Ukingo wa Magharibi wote, nyingi zikiwa za miaka ya 1980. Utauliza, ardhi ya serikali si ni ya wananchi wote? Mwaka 2018, baada ya mashirika ya Israel yenyewe kudai taarifa, serikali ilitoa takwimu za ardhi hiyo iliyogawiwa tangu 1967. Zaidi ya asilimia 99 ilikwenda kwa makazi ya Waisraeli. Wapalestina, ambao ndio wengi katika eneo hilo, walipata robo ya asilimia moja.

Nisikufiche hoja za upande wa Israel, maana zipo na nyingine zina uzito. Wanasema Ukingo wa Magharibi haukuwa na mwenyewe halali mwaka 1967, kwa kuwa Jordan ilijiunganishia eneo hilo na nchi chache sana zikalitambua hilo. Kwa hiyo, wanasema, ardhi inabishaniwa, haijakaliwa kijeshi. Wanasema Wayahudi wana historia pale tangu enzi za Biblia, na Hebron na Shilo si majina ya kubuni. Wanasema Wayahudi nao walifukuzwa: jamii ya Hebron ilichinjwa mwaka 1929 wakafa watu 67, na vijiji vya Gush Etzion vilianguka Mei 1948, ardhi yao ikawekwa chini ya msimamizi wa mali ya adui wa Jordan. Hayo yote yalitokea.

Kisheria, hata hivyo, hoja ya kwanza haijawashawishi wengi nje ya Israel. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, kifungu cha 49, unaikataza dola inayokalia ardhi kuhamishia raia wake humo, na haukuuliza mwenye ardhi wa awali alitambuliwa na nani. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilisema hivyo kwa azimio 2334 la Desemba 2016, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaenda mbali zaidi tarehe 19 Julai 2024, ikisema uwepo wenyewe wa Israel katika maeneo hayo ni kinyume cha sheria. Maoni yale ni ya ushauri, hayana askari wa kuyatekeleza. Na hoja ya mali iliyopotea 1948 ina shida moja: inafanya kazi upande mmoja. Sheria ya Israel ya mwaka 1970 inamruhusu Myahudi kudai nyumba ya Wayahudi iliyopotea Jerusalemu Mashariki, ndiyo asili ya kesi za mtaa wa Sheikh Jarrah ulizozisikia mwaka 2021. Mpalestina aliyeacha nyumba Jaffa au Jerusalemu Magharibi mwaka ule ule wa 1948 hana mlango kama huo. Sheria ya mali za wasiokuwepo ya 1950 ilishaipitisha kwa msimamizi wa serikali. Kwangu mimi hapo ndipo hoja inapovunjika, kwa sababu hati ya 1948 ama inaheshimiwa au haiheshimiwi.

Bado hujaniuliza kuhusu Oslo, yaani mikataba ya Israel na Wapalestina ya miaka ya 1990, lakini nitaigusa. Mkataba wa pili wa Oslo wa Septemba 1995 uligawa Ukingo wa Magharibi mafungu matatu. A, miji mikubwa, ikawa chini ya Mamlaka ya Palestina, serikali ya ndani ya Wapalestina. B ikawa ya mseto. C, karibu asilimia 60 ya eneo lote, ikabaki chini ya Israel kwa ulinzi na kwa mipango miji pia. Ilipangwa iwe ya mpito, miaka mitano tu. Imeshapita miaka 30. Ndani ya C hata mwenye hati safi anahitaji kibali cha kujenga, na kibali hutoka pale tu penye ramani ya mipango iliyoidhinishwa. Ramani hizo kwa Wapalestina zimefunika chini ya asilimia moja ya eneo C. Anayejenga bila kibali anapata bomoabomoa; tingatinga likifika halikuulizi shamba ni la nani, linauliza kibali.

Kesi ya Amona itakuonyesha mwisho wa mambo haya. Amona ilikuwa kambi ya walowezi juu ya kilima karibu na makazi ya walowezi ya Ofra, kwenye mashamba ya vijiji vya jirani, upande ule ambako Wajordan walikuwa wamemaliza usajili. Hati zilikuwepo, zimekamilika. Hata kwa sheria ya Israel kambi ile haikuwa na kibali. Mahakama Kuu iliamuru mwaka 2014 iondolewe, na polisi wakaiondoa mwanzoni mwa Februari 2017, baada ya kuburutana na vijana waliojifungia ndani. Siku chache tu baadaye Bunge la Israel likapitisha sheria ya kuhalalisha majengo ya walowezi yaliyojengwa kwenye ardhi binafsi ya Wapalestina, mwenye ardhi alipwe fidia atake asitake. Mahakama Kuu ikaifuta Juni 2020, na hilo ni la kuwapa haki yao majaji wale. Ila waliohamishwa Amona walijengewa makazi mapya, Amihai, ya kwanza kuidhinishwa rasmi na serikali kwa zaidi ya miaka 20. Mkulima akashinda kesi na ramani ya makazi ikapanuka.

Sasa swali lako la mwisho, la usajili. Mei 2025 baraza la mawaziri la usalama la Israel liliamua kuanzisha tena upimaji na usajili katika eneo C, yaani kuifungua kazi iliyofungwa 1968. Hii ilikuja baada ya mwaka 2024 kuvunja rekodi ya matangazo ya ardhi ya serikali tangu Oslo: dunamu 8,000 mwezi Machi katika Bonde la Jordan, na katikati ya mwaka nyingine zaidi ya 12,000 kwa mkupuo mmoja. Sikatai kwamba usajili ni jambo jema. Muheza ni jambo jema, kwa sababu baraza la kijiji linawajua majirani zako, na ukionewa unapanda ngazi za mahakama ya nchi yako, ambayo unaipigia kura. Kule anayesajili ni dola inayolikalia eneo kijeshi, na waziri aliyekabidhiwa idara ya makazi ndani ya wizara ya ulinzi, Bezalel Smotrich, amesema waziwazi kwamba anataka Israel iimiliki ardhi ile. Asiyefika kudai, au aliyefika akashindwa kuthibitisha, ardhi yake inaandikwa ya serikali. Na daftari likishafungwa baada ya upimaji, kulifungua tena ni kazi ngumu sana, kwetu na kwao.

Hapa ndipo inaporudi ile hoja ya 1968, kwamba usajili usifanywe wakati wenyewe hawapo. Hawapo mpaka leo. Chukua shamba la urithi la ndugu watano, baba amefariki, hati hawakuwahi kuwa nayo. Wawili wako kijijini. Mmoja yuko Amman tangu 1967, mmoja alizeekea Kuwait, mmoja yuko Chicago. Kwa amri ya kijeshi namba 58, mali ya aliyeondoka mwaka ule inaweza kushikwa na msimamizi wa mali zilizoachwa, ambaye anakaa ofisi moja na msimamizi wa ardhi ya serikali. Ndugu wawili waliobaki wanaweza kwenda na mashahidi wao na risiti zao za kodi wakaandikisha mafungu yao mawili. Mafungu matatu ya waliokimbia atayasimamia mwingine, na huyo akishaingia kwenye daftari anakuwa mbia wao kwenye kila mzeituni, mwenye haki ya kudai mgawanyo.

Wanasheria wa Kipalestina wanavutana sasa hivi kuhusu la kufanya. Wako wanaotaka watu wasishiriki, kwa hoja kwamba kushiriki ni kuukubali utawala ule. Baadhi ya mawakili wanaona kususa kutaipa serikali ya Israel ardhi bila jasho, na wanawaambia wateja wao wakusanye kila karatasi waliyo nayo, hata risiti ya mwaka 1940. Ningekuwa wakili wa wale ndugu wawili ningewaambia wakusanye karatasi na wapige picha miti yao kila msimu wa mavuno, kisha wampigie wa Chicago awape hati ya kumwakilisha kisheria mapema, kabla mpima ardhi hajafika kijijini.